Sura ya Sita: Kukarabati Lipu Iliyobomoka katika Nyumba za Matofali ya Kuchoma

Katika Manispaa ya Songea na vijiji vinavyoizunguka, nyumba nyingi za kudumu hujengwa kwa matofali ya kuchoma, ambayo hufyatuliwa kwa udongo wa hapo hapo, hupangwa katika tanuri na kuchomwa kwa kuni, kisha hujengwa kwa tope la udongo au kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, na mwishowe hufunikwa kwa lipu. Lipu, ambayo mafundi wengi huiita pia plasta, ni tabaka la saruji na mchanga linalopakwa juu ya ukuta ili kuukinga na mvua, kuusawazisha na kuuandaa kupokea rangi. Kwa kuwa ndilo tabaka la nje kabisa, ndilo linalopigwa na jua, mvua, magoti ya watoto na migongo ya viti, na ndilo la kwanza kuonyesha dalili pale kitu kinapoharibika ndani ya ukuta au chini yake.

Sura hii inamlenga mwenye nyumba ambaye hajawahi kushika mwiko, na inashikilia kanuni mbili ambazo kazi nyingine zote hufuata. Ya kwanza ni kwamba maji yanayoharibu ukuta hayana budi kuzuiwa kabla kiraka hakijapakwa, kwa sababu kiraka kizuri kilichowekwa juu ya ukuta unaoendelea kulowa hubanduka kama kilichotangulia. Ya pili ni kwamba kiraka hakipaswi kuwa kigumu kuliko ukuta unaokibeba. Kanuni hii ya pili ndiyo inayovunjwa mara nyingi zaidi, tena kwa nia njema, kwa kuwa ni rahisi kuamini kwamba kuongeza saruji ni kuongeza uimara.

Ukuta wenyewe na tabaka zake

Tanuri la matofali halipati joto moja pote. Matofali ya katikati, yaliyo karibu na mianya ya moto, huiva hadi kuwa magumu na kutoa mlio mkali yanapogonganishwa, ilhali yale ya pembeni na ya juu hubaki hayajaiva vya kutosha, yakawa na rangi hafifu na kumomonyoka yakilowa kwa muda mrefu. Mjenzi mwangalifu huyatenga matofali hayo na kuyatumia ndani ya nyumba, lakini bajeti inapokuwa finyu huchanganywa na mengine, na ndiyo maana ukuta mmoja unaweza kuwa na sehemu zinazoshika lipu kwa miaka mingi na nyingine zinazoiachia baada ya mvua chache.

Ujenzi wa matofali ya kuchoma una historia ndefu mkoani Ruvuma. Wamisionari Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho, magharibi mwa Songea, mwaka 1898, walijenga makanisa, shule na karakana kwa matofali, na karakana hizo zilikuwa pia mahali pa kufundishia uashi na useremala. Saruji kwa upande wake ni bidhaa iliyosafiri mbali kabla ya kufika Songea, kwani viwanda vyake viko Mbeya, Mtwara, Dar es Salaam na Tanga, na kila kilomita ya barabara huongeza bei ya mfuko wa kilo 50. Kwa sababu hiyo wajenzi wengi huitunza saruji kwa ajili ya msingi, lenta na lipu, yaani huitumia kwenye sehemu ya chini inayobeba nyumba, kwenye mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na kwenye ngozi ya ukuta, wakati matofali yenyewe huunganishwa kwa udongo.

Matokeo yake ni ukuta wenye vitu vitatu vya tabia tofauti, yaani tofali linalonyonya maji, udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na lipu ya saruji ambayo ni ngumu na haipindi. Lipu ikichanganywa kwa saruji nyingi, husinyaa inapokauka, hupasuka nyufa nyembamba, huruhusu mvua kupenya katika nyufa hizo, na kisha huyazuia maji hayo yasitoke. Ukuta wa nyuma hulainika, na lipu hubaki imesimama yenyewe bila kushikilia chochote, hadi siku inapoanguka kwa bamba zima pamoja na uso wa tofali.

Sababu za kubomoka

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, ukifuatiwa na miezi mikavu ambayo Juni na Julai huwa ya baridi. Kwa hiyo ukuta hulowa kwa miezi kadhaa mfululizo na kukauka kwa miezi kadhaa mfululizo, na mzunguko huo ndio unaopima ubora wa kila tabaka.

Sababu iliyoenea zaidi ni maji yanayoruka kutoka ardhini. Matone yanayodondoka kutoka kwenye bati hupiga udongo mwekundu, huuchimba, na kuurusha ukutani, ndipo nusu mita ya chini ya nyumba nyingi inapokuwa na rangi nyekundu na lipu iliyomeguka. Sababu ya pili ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia vinyweleo vya matofali, hasa pale ambapo msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia unyevu, ambalo kwa kawaida ni karatasi nene ya nailoni au lami inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Unyevu huo hubeba chumvi za udongo, na maji yanapokauka kwenye uso wa ukuta chumvi hizo huganda kuwa unga mweupe ambao husukuma rangi na kuipukutisha.

Sababu nyingine ziko katika kazi yenyewe. Mchanga wenye udongo mwingi hufanya lipu iwe laini na yenye kupasuka. Tofali lililopakwa likiwa kavu hufyonza maji ya mchanganyiko kabla saruji haijapata muda wa kuganda, na saruji iliyonyimwa maji haifikii nguvu yake hata ikisubiriwa mwaka mzima. Lipu iliyomalizwa asubuhi na kuachwa juani bila kumwagiliwa hupatwa na hali hiyo hiyo. Mwisho kuna sababu zinazotoka nje ya lipu, kama vile msingi uliotitia upande mmoja, au mchwa waliopitisha njia zao ndani ya tope la udongo lililounganisha matofali.

Uchunguzi kabla ya kazi

Anayeanza hushawishika kuziba shimo analoliona, ingawa sehemu iliyoharibika karibu kila mara ni kubwa kuliko shimo hilo. Njia ya kuijua mipaka yake ni kugonga ukuta polepole kwa mpini wa nyundo, kuanzia ukingo wa shimo kwenda nje. Lipu iliyoshika hutoa mlio mzito na mfupi, na iliyoachana na ukuta hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Mstari wa chaki uchorwe pale mlio unapobadilika, kwa kuwa kila kilicho ndani ya mstari huo hakina budi kuondolewa.

Nyufa nazo husomwa kwa umbo na upana wake. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama wavu, huhusu lipu peke yake na huzibwa kwa urahisi. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali huashiria kwamba ukuta umesogea, na kama upana wake unazidi milimita 5, au kama unaonekana pande zote mbili za ukuta, kazi hiyo si ya lipu tena. Ili kujua kama ufa bado unakua, alama ya penseli iwekwe kwenye ncha zake pamoja na tarehe, kisha uangaliwe tena baada ya msimu wa mvua. Ufa uliotulia unaweza kuzibwa, na ule uliovuka alama unamhitaji fundi mwenye ujuzi wa misingi.

Chanzo cha unyevu hutambuliwa kwa kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 30 hivi, kinachobandikwa ukutani kwa utepe pande zote nne na kuachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta, na yakijitokeza upande wa chumbani yanatokana na mvuke wa jikoni, wa bafuni au wa pumzi za waliolala, ambao tiba yake ni kupitisha hewa.

Chanzo kikishajulikana, kiondolewe kwanza. Mara nyingi inatosha kufunga gata, yaani mfereji unaokusanya maji ya paa, kumwaga sakafu nyembamba ya zege inayozunguka nyumba na kuteremka kuelekea nje, na kuondoa udongo uliorundikana ukutani kupita usawa wa msingi. Kazi hizi si za kupendeza na hazionekani pichani, lakini ndizo zinazoamua kama kiraka kitadumu mwaka 1 au miaka 15.

Vifaa na mchanganyiko

Vifaa vinavyohitajika ni vichache, navyo ni nyundo na tindo, yaani patasi ya chuma ya kuchongea lipu ya zamani, brashi ngumu, chekeche, karai la kuchanganyia, mwiko, ubao laini wenye mpini mgongoni wa kusawazishia, rula ndefu iliyonyooka, na ndoo mbili. Glavu za mpira na miwani ya kinga ni lazima, kwa sababu saruji mbichi ina magadi makali yanayounguza ngozi polepole, na mtu huweza kutambua jeraha baada ya saa kadhaa.

Mchanga huchekechwa kwanza, kisha hupimwa usafi wake kwa chupa. Chupa ijazwe mchanga hadi nusu, iongezwe maji na chumvi kidogo, itikiswe na kuachwa itulie kwa saa tatu, ndipo mchanga mzito utakapokaa chini na udongo laini utakapotanda juu yake. Tabaka la udongo likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 5 za mchanga hutosha, na kwa matofali laini zaidi sehemu 6 za mchanga zinafaa. Mchanganyiko wa sehemu 1 kwa 3, unaotumiwa na wengi kwa kuamini kwamba una nguvu zaidi, uachwe kwa ajili ya kazi nyingine. Pale chokaa inapopatikana, mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga ni bora kuliko yote kwa ukuta wa namna hii, kwa sababu chokaa huifanya lipu iwe laini kupaka, istahimili mtikisiko mdogo bila kupasuka na iruhusu mvuke kutoka. Kwa makadirio, ndoo moja ya lita 20 ya mchanga pamoja na lita 4 za saruji hutosha takriban mita 1 ya mraba yenye unene wa milimita 15. Mchanganyiko ufanywe mkavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yaongezwe kidogo kidogo, na kiasi kinachochanganywa kiwe kile tu kinachoweza kupakwa ndani ya saa moja, kwani saruji iliyoanza kuganda hairudishiwi uhai kwa kuongezewa maji.

Hatua za kazi

Kazi huanza kwa kuondoa lipu yote iliyo ndani ya mstari wa chaki. Tindo ishikwe kwa mlalo ili isivunje uso wa tofali, na kingo za shimo zikatwe zikiwa zimeingia kidogo chini ya lipu nzima, ili kiraka kipate mahali pa kujishika. Maungio ya matofali yakwanguliwe kwa kina cha sentimita 1 hivi, vumbi lifagiliwe, na kama kuna unga wa chumvi uondolewe kwa brashi kavu, kwa sababu kuuosha ni kuurudisha ndani ya ukuta. Tofali lililooza litolewe na nafasi yake izibwe kwa kipande kizima.

Kinachofuata ni kulowesha ukuta. Maji yanyunyizwe jioni ya siku iliyotangulia, na tena asubuhi kabla ya kupaka, hadi tofali liwe na unyevu ndani lakini uso wake usiwe na maji yanayong'aa. Baada ya hapo hurushwa tabaka jembamba la tope la saruji na mchanga mkavu wa chembe kubwa, ambalo huachwa likiwa na mikwaruzo hadi kesho yake, na kazi ya tabaka hilo ni kuwa meno ya kushikilia lipu.

Lipu yenyewe hupakwa kwa kuisukuma kwa nguvu kutoka chini kwenda juu kwa mwiko, bila kuzidi milimita 15 kwa mara moja. Shimo likiwa na kina zaidi, lijazwe kwa tabaka mbili, na la kwanza likwaruzwe kwa ncha ya mwiko na kuachwa ligande kabla la pili halijafuata. Rula huwekwa juu ya lipu ya zamani pande zote mbili za shimo na kuburutwa kwa mwendo wa msumeno, ili mchanganyiko uliozidi uondoke na mabonde yaonekane na kujazwa. Kusugua kwa ubao wa kusawazishia kusubiri hadi kidole kinapobonyeza lipu kisiache alama kubwa, jambo ambalo huchukua muda mfupi siku ya jua na saa kadhaa siku ya baridi, kwani anayesugua mapema huvuta saruji na maji juu, na tabaka hilo la juu ndilo linalopasuka kwanza.

Kiraka kilichokamilika humwagiliwa kwa umande mwepesi mara mbili au tatu kwa siku kwa muda wa siku 7, na kikiwa juani hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa au nailoni. Rangi isipakwe kabla ya wiki 4, kwa sababu lipu mbichi bado inatoa maji na magadi yanayoharibu rangi. Kama mwenye nyumba anataka uso laini kabisa, tabaka jembamba la unga wa kulainishia kuta hupakwa baada ya muda huo na kupigwa msasa ndani ya chumba chenye madirisha wazi, mpigaji akiwa amefunika pua na mdomo.

Kuta za udongo na fundisho la pwani

Nyumba za matofali mabichi, yaliyokaushwa juani bila kuchomwa, zinahitaji uangalifu zaidi, kwani lipu ya saruji haishikani na udongo na huyafungia maji ndani. Kiraka kinachofaa ni cha udongo huo huo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, au udongo ulioongezewa chokaa kidogo kwa upande unaopigwa na mvua.

Ushahidi wa kanuni ya pili, ya kiraka kisichozidi ukuta kwa ugumu, unaonekana wazi pwani. Miji ya Waswahili kama Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe hayo. Chokaa huganda polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hubaki laini kuliko saruji na huacha ukuta upumue. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kuta za zamani zilizopakwa saruji zimeonekana zikitunza unyevu na kubandua lipu mpya, na wahifadhi wamesisitiza kurudi kwenye chokaa. Saruji ya Portland, ambayo hataza yake ilichukuliwa na Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824, ni uvumbuzi wenye thamani kubwa, lakini kuta za matumbawe na za udongo zilibuniwa kabla yake na hazikuandaliwa kuibeba.

Bodi za jipsamu

Katika ofisi, maduka na nyumba mpya za mjini Songea kunaonekana pia dari na kuta nyepesi za kugawia vyumba zilizotengenezwa kwa bodi za jipsamu. Jipsamu ni madini laini meupe yanayochimbwa nchini katika maeneo kama Makanya, Itigi na Kilwa, na takriban asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Yakipashwa joto hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga, ambao ukirudishiwa maji huganda upya kwa dakika chache. Augustine Sackett alipewa hataza ya bodi ya namna hii nchini Marekani mwaka 1894, na bodi za leo ni jipsamu iliyogandishwa kati ya karatasi mbili nzito.

Ukarabati wake ni tofauti na wa lipu. Tundu la msumari hujazwa kwa unga wa jipsamu uliokorogwa, ukaachwa ukauke na kupigwa msasa. Shimo kubwa, kama lile la kitasa cha mlango, hukatwa kuwa mraba wenye kingo safi, baada ya umeme kuzimwa na kuhakikishwa kwamba hakuna waya nyuma yake. Kipande cha ubao kirefu kuliko shimo hupenyezwa nyuma na kufungwa kwa skrubu kwenye bodi ya zamani, kisha kipande kipya cha bodi chenye unene ule ule hufungwa juu ya ubao huo. Maungio hufunikwa kwa utepe wa wavu na kupakwa jipsamu mara tatu, kila tabaka likiwa pana kuliko lililotangulia na likikauka kabla ya jingine, ili unene upotee taratibu na jicho lisione mwinuko.

Bodi iliyolowa hadi ikalegea au karatasi yake ikaota ukungu haikarabatiwi bali hubadilishwa, na bati linalovuja hushughulikiwa kwanza. Vilevile saruji isitumike kuziba jipsamu, wala jipsamu isichanganywe na saruji kwenye ukuta wenye unyevu, kwa sababu chumvi za salfeti zilizo katika jipsamu hushambulia saruji, mchanganyiko huvimba na kiraka hujisukuma nje chenyewe.

Mipaka ya kazi ya anayeanza

Kuna kazi ambazo mwenye nyumba asizijaribu peke yake. Ufa unaokua, ukuta uliopinda, lenta iliyopasuka, na msingi uliotitia huhitaji fundi mwashi mzoefu au mhandisi, na dari za zamani za asbesto hazipaswi kupigwa msasa, kutobolewa wala kuvunjwa na asiye na mafunzo, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kutafuta kozi za uashi katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambayo ina chuo pia Songea, au kumwajiri fundi kwa siku moja na kuwa saidia fundi wake, maana mkono hujifunza uzito wa mchanganyiko kwa kuushika.

Kalenda ya Songea inampa kila mtu nafasi ya kupanga. Mvua inapokaribia kuisha, Machi na Aprili, ndio wakati wa kuzunguka nyumba na kuchora mipaka ya unyevu ingali inaonekana. Mei ni wa kuacha ukuta ukauke huku gata na mifereji ikirekebishwa, Juni hadi Agosti ni wa kupaka lipu kwa kuwa hewa ya baridi haiikaushi kwa haraka, na Septemba au Oktoba ni wa rangi. Kwa mpango huo mita chache za mraba kila mwaka hutosha kuitunza nyumba nzima bila kusubiri fedha nyingi zikusanyike kwa mara moja, na Novemba inapoingia mvua hukuta ukuta uliokauka, wenye kiraka kinacholingana nao kwa ugumu na kisichopigwa tena na maji yaliyouharibu mwanzo.